Kisanduku kimoja kwenye mchoro, gunia moja mpakani

Gunia la maharage lililoshonwa Nakivale linaweza kubadilisha jina mara nne kabla halijafika kwa mlaji. Mkulima kutoka Kivu atasema maharagi. Mnyankole anayelinunua Isingiro atasema ebihimba, dalali wa Kampala ebijanjaalo, na likivuka Kagitumba kuingia Rwanda ndani yake kutakuwa na ibishyimbo. Kwenye kompyuta ya forodha majina yote hayo hupotea. Maharage ni namba, 0713.33, na gunia lenyewe, katika orodha ya vifungashio ya Umoja wa Mataifa, ni herufi mbili tu: BG.

Aliyeamua hivyo si ofisa anayekaa dirishani mpakani. Uamuzi ulifanyika miaka mingi nyuma, mezani, na watu waliokuwa wakichora. Mfumo mkubwa wa forodha, wa benki au wa hospitali kwa kawaida huanza kama michoro: visanduku, mistari inayoviunganisha, na maneno machache ndani ya kila kisanduku. Kilichochorwa ndicho waandishi wa programu hukijenga. Kilichosahauliwa, mfanyabiashara ndiye atakayekuja kugundua kwamba hakipo, na atagundua akiwa na nyanya zinazoiva juu ya pikapu.

Makenke, pembeni mwa Mbarara, wengi huijua kwa kambi ya jeshi. Kwa mtu wa biashara, hapo ni mahali pa kuhesabu njia. Mbarara ndipo barabara kuu inayotoka Mombasa kupitia Kampala na Masaka inapogawanyika. Ukishika ya Kabale unafika Katuna, mpaka wa Rwanda. Ukichepuka Ntungamo unashuka Mirama Hills, ambako ng'ambo yake ni Kagitumba. Ya Kasese inakupeleka Mpondwe kwa Wakongo. Ya Isingiro inakwenda Kikagati, na ukivuka mto Kagera uko Murongo, Tanzania. Gunia lile lile la Nakivale, likishafika Mbarara, lina milango minne na nchi tatu za kuchagua, ukiacha soko la Kenya upande wa mashariki.

Na kila nchi ina mfumo wake. Uganda na Rwanda zinatumia ASYCUDA World, programu iliyotengenezwa na UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo. Kongo inatumia programu hiyo hiyo kwa jina lake la Kifaransa, Sydonia. Tanzania ina TANCIS. Kenya ilianza na Simba mwaka 2005 kisha ikajenga mfumo mwingine wa kuupokea. Eneo Moja la Forodha la Jumuiya ya Afrika Mashariki lilipoanza kutekelezwa mwaka 2014, mifumo hii iliyozaliwa mbalimbali ilitakiwa izungumze. Hapo ndipo swali la mchoro linapoacha kuwa la wahandisi peke yao. Kompyuta mbili zinaweza kuunganishwa kwa waya na bado zisielewane, kwa sababu moja inaposema "mzigo" inamaanisha gari zima na nyingine inamaanisha bidhaa za mtu mmoja.

Lugha ya visanduku

Michoro inayotumika sana duniani kwa kazi hii huitwa UML. Miaka ya 1990 mwanzoni kila mtaalamu alikuwa na namna yake ya kuchora programu, na wateja walichoka. Watatu kati ya wataalamu hao, Grady Booch, James Rumbaugh na Ivar Jacobson, walikutana katika kampuni moja ya Marekani, Rational, wakaunganisha mbinu zao. Novemba 1997 shirika la viwango liitwalo Object Management Group liliipitisha lugha hiyo iwe ya wote. Toleo la pili lilitoka mwaka 2005.

Nguvu ya UML ni kwamba haijali unachora nini. Kisanduku kinachoitwa klasi kinaweza kuwa mgonjwa, akaunti ya benki, ng'ombe au lori. Kijitu cha vijiti kinachosimama pembeni ni mtu yeyote anayetumia mfumo. Mstari kati ya visanduku viwili ni uhusiano wa aina yoyote. Udhaifu wake ni huo huo. Ni kama futi ya fundi cherehani: inajua sentimita, haijui gomesi inakatwaje wala kanzu inaachwa urefu gani. Ukiwapa wahandisi watatu UML tupu na kuwaambia wachore forodha, utapata forodha tatu.

Waliotunga lugha hii waliliona hilo mapema, wakaacha mlango wa kuipanua bila kuivunja. Vifaa vya kupanulia ni vitatu.

Cha kwanza kinaweza kuitwa chapa. Mchoraji anaandika neno ndani ya alama mbili za mishale, mathalani «Shehena» au «CrossBorderTrader», juu ya kisanduku cha kawaida. Kuanzia hapo kisanduku hicho si klasi yoyote tu, ni cha aina maalumu yenye kanuni zake. Ni kama ng'ombe aliyepigwa chapa: bado ni ng'ombe, lakini sasa anajulikana ni wa zizi gani.

Cha pili ni lebo. Kila chenye chapa ya «Shehena» kinaweza kulazimishwa kubeba taarifa fulani: namba ya bidhaa, uzito halisi, nchi ya asili, thamani kwa dola. Mchoraji hawezi kuisahau lebo kwa sababu inakuja pamoja na chapa.

Cha tatu ni sharti, ambalo kwenye mchoro huandikwa ndani ya mabano ya kupinda. Hapa ndipo sheria inapoingia kwenye programu. Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki kinasema unyevu usizidi asilimia 13.5 na sumukuvu yote isizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Hayo ni maneno ya kwenye karatasi mpaka mtu ayaandike kama sharti kwenye kisanduku cha mahindi, na mfumo ukatae kusonga mbele bila majibu ya maabara. Wafanyabiashara wanakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia ghafla mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Zuio lililegezwa baada ya siku chache, na waagizaji wakatakiwa kujisajili na mizigo kuja na cheti kinachoonyesha kiwango hicho cha 10. Kiwango kilikuwapo kabla ya zuio. Sharti likiandikwa kwa namna moja pande zote mbili za mpaka, cheti kilichotolewa upande huu kinaweza kusomwa na kukubaliwa na kompyuta ya upande wa pili, na mahindi yakapimwa mara moja.

Chapa, lebo na masharti ya fani moja yakikusanywa pamoja huitwa profaili. Profaili ina kanuni moja ambayo watu wa ushirikiano wa kikanda wangeipenda: unaruhusiwa kuongeza na kukaza, huruhusiwi kukanusha lugha mama. Mhandisi wa Kigali akituma mchoro wenye chapa zake kwa mwenzake wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kuziona, huyo wa Dar bado ataufungua na kuona klasi, mistari na majina. Atakosa maana ya ndani, lakini hatakosa mchoro.

Njia hii imepitiwa na fani nyingine. Wahandisi wa ndege, magari na mitambo waliona UML haina mahali pa kuandika mahitaji ya chombo kizima, wakaipanua wakapata SysML, ambayo OMG iliipitisha mwaka 2006. Biashara nayo ilipata ya kwake, na ndiyo inayohusu zaidi gunia la Nakivale.

Saa ya kujibiwa

Geneva kuna chombo cha Umoja wa Mataifa kiitwacho UN/CEFACT, kinachoshughulika na kurahisisha biashara na nyaraka zake. Ndicho kilichotoa mwaka 2005 pendekezo namba 33 kuhusu dirisha moja, lile wazo kwamba mfanyabiashara awasilishe taarifa zake mara moja, mahali pamoja, na ofisi zote zichukue hapo. Rwanda, Kenya, Uganda na Tanzania zote zimekwisha kujenga madirisha yao ya kielektroniki. Chombo hicho hicho kilitengeneza profaili ya UML kwa ajili ya biashara, inayojulikana kwa herufi UMM, na mwaka 2006 kikatoa toleo la kwanza la sehemu yake ya msingi.

UMM haianzi na kompyuta. Inaanza na mazungumzo kati ya pande mbili. Inasema miamala ya biashara, hata ikiwa mingi namna gani, ina sura sita tu. Mbili ni za upande mmoja kusema bila kungoja jibu, kama tangazo au taarifa rasmi. Nne ni za kusema na kujibiwa, kuanzia kuuliza bei hadi kufunga mkataba unaowabana wote wawili. Mchoraji anachagua sura, kisha chapa inamletea lebo za kujaza.

Lebo hizo ndizo za kuvutia. Mojawapo inauliza muda wa kukiri kwamba ujumbe umefika. Nyingine inauliza muda wa kukiri kwamba umechakatwa. Ya tatu inauliza muda wa kujibu. Nyingine inauliza kama pande zote zinatakiwa zisiweze kukana baadaye kwamba zilituma au zilipokea. Yeyote aliyewahi kulala mpakani akiambiwa "sistimu iko chini" anajua tofauti ya mambo hayo matatu ya mwanzo. Tamko la mzigo linaweza kuwa halikufika kabisa. Linaweza kuwa limefika na kukataliwa na mashine kwa kosa la namba. Linaweza kuwa limefika salama, limechakatwa, na sasa linamngoja mtu aliyekwenda kula. Kwa aliyesimama nje ya dirisha, yote matatu yana sura moja: kungoja. Mfumo uliochorwa kwa lebo hizo unaweza kumwambia ni lipi kati ya matatu, na unaweza kuweka kumbukumbu kwamba saa za kujibu zimepita.

Ni kweli kwamba kuchora muda hakumfanyi mtu awahi kazini. Lakini muda usiochorwa hauwezi hata kupimwa, na malalamiko ya kuchelewa yanabaki maneno ya mchuuzi dhidi ya maneno ya ofisi.

Wanawake watano, pikapu moja

Tatizo gumu la profaili ya forodha kwa wafanyabiashara wadogo haliko kwenye mambo makubwa ya Geneva. Liko kwenye mstari mmoja mfupi.

Jumuiya ina utaratibu wa biashara uliorahisishwa. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani kwa shehena, zinaweza kuvuka kwa cheti cha asili kilichorahisishwa, kinachotolewa pale pale mpakani, bila kulipiwa ushuru wa forodha. COMESA ina utaratibu unaofanana. Kwa mhandisi hilo ni sharti jepesi kuliko yote: thamani isizidi 2,000. Analiandika kwenye mabano, anaendelea na mengine.

Ila 2,000 za nini? Chukua wanawake watano wanaochanga nauli na kukodi pikapu moja kutoka soko la Mbarara hadi Mirama Hills. Kila mmoja ana bidhaa za dola 600, na kila mmoja ni mfanyabiashara anayejitegemea. Ikiwa mchoro una mstari kati ya kisanduku cha gari na kisanduku cha shehena, na mwishoni mwa mstari mchoraji ameandika moja kwa moja, basi gari moja ni shehena moja. Jumla ni dola 3,000, sharti limevunjwa, na wote watano wametolewa kwenye utaratibu uliotungwa kwa ajili yao. Sasa wanahitaji wakala wa forodha na tamko kamili kama mwenye kontena. Mchoraji angeandika moja kwa nyingi, yaani gari moja linaweza kubeba shehena nyingi zenye wenyewe tofauti, wangepita watano na vyeti vitano. Kisheria hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni alama ya nyota mwishoni mwa mstari.

Hapo ndipo faida ya profaili inapoonekana kuliko mahali pengine popote. Chapa ya «Shehena» ikishafafanuliwa mara moja kwa kanda nzima, pamoja na nyota yake na sharti lake, mchoraji wa kila nchi hana nafasi ya kuikisia upya. Na ikiwa imefafanuliwa vibaya, inarekebishwa mahali pamoja.

Maharage hayana kitambulisho

Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-mashariki mwa Mbarara, ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa Wanyarwanda. Leo wapo Wakongo, ambao ni wengi, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengine. Kiswahili ndicho husikika sokoni wakati Mkongo anapopatana bei na Mrundi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufanya kazi, kumiliki mali na kutembea ndani ya nchi, na wengi wamepewa vipande vya ardhi ambapo hulima mahindi na maharage. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu uchumi wa wakimbizi nchini Uganda, Nakivale ikiwamo, ulionyesha jinsi biashara zao zilivyofungamana na masoko ya nje ya makazi, mengine hata nje ya nchi.

Sasa mchoro. Mhandisi anachora kisanduku cha «CrossBorderTrader». Ndani anaweka jina, namba ya kitambulisho na uraia. Kisha, kwa kuwa ni jambo la kawaida kwamba Mganda anauza bidhaa za Uganda na Mtanzania za Tanzania, anaona haina haja ya kuuliza asili ya bidhaa mara ya pili. Anaacha mfumo uichukue kutoka kwenye uraia wa muuzaji. Inaokoa kisanduku kimoja kwenye skrini. Inaonekana ni busara.

Ni kosa, na kanuni za asili za Jumuiya zinaonyesha kwa nini. Mazao yaliyovunwa ndani ya nchi mwanachama yanahesabiwa kuwa yamezalishwa yote katika nchi hiyo. Kanuni haiulizi aliyeshika jembe alizaliwa wapi. Maharage yaliyolimwa Nakivale na Mkongo, Mrundi au Msomali ni maharage ya Uganda sawasawa na matoke ya jirani yake Mnyankole. Asili ni lebo ya bidhaa. Ikibandikwa kwenye kisanduku cha mtu, mwenye kadi ya ukimbizi anaweza kuambiwa na mashine kwamba maharage yake ni ya Somalia.

Na haitoshi kuihamishia kwenye shehena. Wafanyabiashara wengi wadogo huchanganya. Katika furushi moja kunaweza kuwa na maharage ya Nakivale na vitenge vilivyonunuliwa Kampala lakini vilivyotengenezwa Asia. Maharage yana haki ya cheti cha asili, vitenge hivyo havina. Asili ikiwa lebo ya shehena nzima, ama vitenge vitapita kwa mgongo wa maharage, ama, na hili ndilo la kawaida kwa mashine, maharage yatatozwa kwa kosa la vitenge. Mahali pake pa haki ni kwenye kila mstari wa bidhaa. Shehena moja, mistari mingi, kila mstari na asili yake.

Kuna kisanduku kingine ambacho Nakivale inakidai. Mkimbizi anaweza kumiliki mzigo kihalali lakini, ili yeye mwenyewe avuke mpaka kihalali, anahitaji hati ya kusafiria ya wakimbizi, ambayo si kitu cha kuchukua dukani. Kwa hiyo mwenye mali na anayevusha wanaweza kuwa watu wawili, na anayejaza tamko akawa wa tatu. Mchoro wenye kijitu kimoja kinachoitwa mfanyabiashara unawalazimisha watatu hao wawe mtu mmoja. Mali ikipotea au ikizuiwa, kumbukumbu za mfumo zitamtaja dereva. Mwenye maharage hayumo popote.

Gunia lina kilo ngapi?

Rudi kwenye herufi mbili, BG. Zinasema ni mfuko au gunia. Hazisemi kilo. Kenya imezoea gunia la mahindi la kilo 90, Tanzania na Uganda la 100, na kila mkulima wa kanda hii anajua lumbesa, gunia lililoongezewa kichwa mpaka likafungwa kwa kamba na kununuliwa kwa bei ya gunia moja. Mkungu wa matoke kutoka Isingiro ni hadithi ndefu zaidi, kwa sababu hakuna mikungu miwili yenye uzito sawa na hakuna anayetarajia iwe hivyo.

Mfumo unaoruhusu kuandika "magunia 20" na kuishia hapo umemwachia ofisa azidishe kwa kichwa chake mwenyewe. Akizidisha kwa 100, thamani inapanda na dola 2,000 zinakaribia. Dawa ni lebo mbili zinazokwenda pamoja, kipimo cha sokoni na uzito halisi kwa kilo, na sharti kwamba ya kwanza haikubaliwi bila ya pili. Debe, mkungu na kreti vinaweza kubaki kwenye mchoro, na inafaa vibaki, kwa sababu ndivyo watu wanavyohesabu. Ila vibaki vikiwa vimeambatana na kilo.

Mjadala wa lugha unaingia hapa pia. Majina ya chapa si lazima yawe ya Kiingereza. UML inakubali jina lolote. Wakuu wa nchi za Jumuiya waliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2021, na baraza la mawaziri la Uganda likafuata nyumbani Julai 2022. Chapa ya «Shehena» ingeweza kusomwa Bukavu, Mwanza na Eldoret bila mkalimani, na mwakilishi wa chama cha wafanyabiashara aliyeitwa kwenye kikao cha mfumo mpya angeweza kunyosha kidole na kusema kisanduku hiki si sahihi. Lakini isidhaniwe kwamba neno likiwa la Kiswahili limekwisha kueleweka. Muulize mtu wa Mbarara na mtu wa Murongo gunia ni kilo ngapi.

Wapo wanaosema ni bora kuachana na UML kabisa na kutunga lugha mpya ya michoro ya forodha kuanzia mwanzo, yenye gunia na kivuko ndani yake. Kwa nchi moja yenye mfumo mmoja, huenda. Kwa kanda yenye mifumo minne au mitano iliyojengwa na watu tofauti, hoja hiyo ni dhaifu, kwani lugha mpya inadai zana mpya, walimu wapya na miaka ya kuizoea, wakati UML tayari inafundishwa vyuoni kote. Hatari iliyo ya kweli ni nyingine: profaili inayonenepa. Kila wizara inaongeza chapa yake, kila mradi wa wafadhili lebo tano, mpaka mchoro unakuwa na chapa 200 ambazo hakuna anayezikumbuka, na wahandisi wanarudi kimyakimya kwenye visanduku vitupu.

Na mchoro una mipaka yake. Rwanda ilipofunga Katuna Februari 2019, hakuna lebo ambayo ingeufungua; malori yalingoja hadi mwisho wa Januari 2022. Bunagana ilipotekwa na M23 Juni 2022, walioitumia njia hiyo walitafuta nyingine, wala hawakuhitaji kompyuta kuwaambia. Mchoro unashughulika na siku za kawaida, zile ambazo mpaka uko wazi, ofisa yupo, umeme upo, na bado gunia halipiti.

Mfanyabiashara ambaye hajawahi kuona UML ameshaona ndugu yake mkubwa. Fomu ya cheti cha asili kilichorahisishwa ni mchoro uliochapwa kwenye karatasi: mahali pa jina la anayepeleka, mahali pa anayepokea, maelezo ya bidhaa, wingi, thamani. Nafasi zilizomo zinaonyesha waliotunga walifikiri ni nani atavuka. Wengine huandika pembeni kwa kalamu, juu ya mstari, wanapokuwa na jambo ambalo fomu haikuliuliza, na ofisa huweza kulisoma. Skrini haina pembeni. Kwa hiyo yale maandishi ya pembeni, yaliyolundikana kwa miaka kwenye nakala za fomu katika vituo vya Mirama Hills, Kikagati na Mutukula, yangemfaa sana mchoraji wa profaili kabla hajaanza kuchora, kwa kuwa kila moja linaonyesha lebo iliyokosekana.